Kupaka Rangi Samani za Kale Bila Kuziondolea Ukale Wake

Samani ya kale iliyopakwa rangi ina sehemu mbili zenye thamani: mbao alizoziunga seremala, na ngozi ya rangi ambayo miaka imeifanyia kazi tangu siku ilipokauka. Mbao zikiharibika, fundi anaweza kutafuta nyingine za aina hiyo hiyo; ngozi ile ikiondolewa, haipatikani tena popote. Imefifia upande uliopigwa na mwanga na kubaki kali upande wa kivuli, imelika pale mikono iliposhika, imepasuka nyufa ndogo ndogo kwa sababu mbao zilizo chini yake zimekuwa zikivimba na kusinyaa majira baada ya majira, na mafuta yaliyoifunga rangi yamegeuka manjano polepole. Mafundi huyaita mambo hayo kwa jumla patina, nayo ndiyo humfanya mtu atambue kwa kutupa jicho tu, hata kama hakufundishwa, kwamba kabati hili limeishi na lile limeigizwa.

Kwa hiyo swali la kwanza si rangi gani utapaka, bali ni sehemu gani hutaigusa kabisa. Maelekezo yote yanayofuata yamesimama juu ya kanuni moja ambayo siilegezi: rangi mpya iende pale tu ambapo rangi ya zamani imetoweka, ikome ukingoni mwa pengo, na iwe ya aina inayoweza kuondolewa baadaye bila kuidhuru ya zamani. Anayepaka samani nzima kisha akazikwaruza kingo zake kwa msasa ili ionekane kuukuu hajahifadhi chochote, kwa kuwa amezika ukale wa kweli na kuweka wa bandia juu yake. Na iwapo samani ni adimu, au imepambwa kwa jani la dhahabu, au ina michoro ya mkono iliyo dhaifu, kazi hii si ya nyumbani. Ikabidhi kwa mhifadhi aliyesomea, hata ikibidi isubiri miaka mingi ilivyo.

Kuisoma samani kabla ya kuigusa

Piga picha za pande zote kwanza, kisha za karibu za kila pengo, kwa sababu baada ya wiki mbili za kazi hutakumbuka hali ilivyokuwa. Zima taa za chumba na uelekeze tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya uso wa mbao: rangi iliyoinuka na kukaribia kubanduka itatoa kivuli, na alama za brashi ya fundi wa kwanza zitaonekana wazi. Ukiwa na tochi ya mwanga wa urujuanimno utaona mengi zaidi, kwa kuwa shelaki ya zamani (vanishi ya utomvu wa wadudu) hung'aa rangi ya machungwa chini ya mwanga huo, nyeupe ya zinki hung'aa manjano inayoelekea kijani, na viraka vilivyopakwa miaka ya karibuni mara nyingi huonekana kama madoa meusi.

Angalia pia mahali palipojificha, yaani nyuma ya bawaba, chini ya vishikio, na kwenye ukingo wa droo unaoingia ndani. Hapo utaikuta rangi kama ilivyokuwa ilipokuwa mpya. Hata hivyo usiichukue kuwa ndiyo rangi ya kuigiza. Hili ni kosa la watu makini hasa: wanatafuta rangi ya asili kwa bidii, wanaipata nyuma ya bawaba, wanaichanganya kwa usahihi, kisha kiraka kinapiga kelele katikati ya mlango uliofifia. Rangi unayoitafuta ni ile iliyopo leo, sentimita moja kutoka ukingoni mwa pengo.

Ukitaka kujua samani imepakwa mara ngapi, chagua mahali pasipoonekana na uchimbe kishimo chenye upana wa ukucha mdogo, ukitumia wembe wa upasuaji na kipande cha msasa laini sana kilicholoweshwa maji. Ukikisugua kwa mzunguko, matabaka yatajitokeza kama pete za kitunguu, la karibuni nje na la kwanza katikati. Huenda ukakuta kwamba rangi unayoipenda ni ya tatu au ya nne. Maoni yangu ni kwamba tabaka hilo la juu nalo lina haki ya kubaki ikiwa limekwisha kuzeeka pamoja na samani; kulibandua ili kufikia lililo chini ni kazi nyingine kabisa, yenye hatari kubwa zaidi, na mara nyingi hurudisha nusu tu ya kilichotarajiwa.

Jaribio la mwisho ni la kujua rangi imefungwa kwa kitu gani. Zungushia pamba kwenye kijiti, iloweshe kidogo kwa maji kwanza, kisha nyingine kwa spiriti, na uizungushe juu ya mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kwa maji peke yake, basi ni rangi ya gundi, nayo haivumilii usafi wowote wa majimaji. Ikitoka au kunata kwa spiriti, kuna shelaki juu yake au ni rangi ya kisasa ya akriliki. Rangi ya mafuta iliyokauka kwa miongo mingi huvumilia maji na huvumilia spiriti kwa kiasi, lakini hushambuliwa na sabuni kali na magadi. Rangi ya maziwa, ambayo hutengenezwa kwa kaseini (protini ya maziwa) na chokaa, hunyonya maji haraka ikiwa mpya ilhali ya zamani huwa ngumu kama jiwe.

Sumu iliyomo katika rangi za zamani

Chukulia kwamba rangi yoyote ya zamani ina madini ya risasi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Kwa karne nyingi rangi nyeupe bora ya mafuta ilitengenezwa kwa risasi, na baadhi ya rangi nyekundu na za manjano zilikuwa nayo pia. Marekani haikupiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi hadi mwaka 1978. Vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi vinapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini hupima tabaka vinaloligusa tu, kwa hiyo vitumie ndani ya kile kishimo ulichochimba ili vifikie matabaka yote.

Usipige msasa mkavu na usitumie mashine ya msasa kabisa. Usichome rangi kwa moto wala kwa bunduki ya hewa moto, kwa kuwa risasi ikipata joto kali hutoa mvuke unaoingia mapafuni. Kila unapolazimika kusugua, sugua kwa maji, futa tope kwa karatasi, na uiweke karatasi hiyo ndani ya mfuko unaofungwa. Tandika plastiki chini, vaa barakoa ya vumbi ya daraja la P100 au FFP3, tumia kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA kinachonasa vumbi laini sana, na ufue nguo za kazi peke yake. Watoto na wajawazito wasiingie katika chumba hicho hadi kisafishwe. Kitanda cha mtoto mchanga au kiti chake kilichopakwa rangi ya risasi kisirudi kutumiwa na mtoto hata baada ya kupakwa rangi mpya juu, kwa sababu mtoto hutafuna kingo na hufikia tabaka la chini.

Kushikiza kinachobanduka, kisha kusafisha

Mpangilio huu ni wa lazima. Ukianza kusafisha wakati kuna magamba ya rangi yaliyoinuka, kitambaa kitayachukua, na ulichokusudia kuhifadhi kitakuwa kwenye ndoo.

Magamba hushikizwa kwa gundi ya ngozi au ya samaki iliyo nyepesi sana, sehemu moja ya gundi kwa takribani sehemu ishirini za maji. Iache ivimbe majini usiku kucha, kisha uipashe moto juu ya chombo cha maji ya moto bila kuzidisha nyuzi 60 za Selsiasi, maana ikichemka hupoteza nguvu. Weka juu ya gamba kipande cha karatasi nyembamba sana ya nyuzi ndefu, ile wanayotumia wakarabati wa vitabu, na upake gundi juu ya karatasi hiyo kwa brashi laini ili ipenye hadi chini ya gamba. Subiri dakika chache rangi ilainike, funika kwa karatasi yenye silikoni, na ubonyeze polepole kwa mwiko mdogo bapa wa chuma uliopashwa moto kidogo. Gamba lisilotaka kulala lisilazimishwe, bali lipewe gundi tena na muda zaidi. Karatasi ya juu huondolewa siku inayofuata kwa pamba yenye unyevu. Rangi ya gundi haiwezi kutendewa hivi kwa kuwa itayeyuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kufanya lile jaribio la pamba mapema.

Kusafisha huanza kwa ukavu: brashi laini mkono mmoja, kifyonza vumbi mkono mwingine, na mdomo wa kifyonza ufunikwe kwa kitambaa cha wavu ili kipande kikiruka kisipotee. Baada ya hapo tumia pamba kwenye kijiti, maji yaliyotoneshwa, na tone la sabuni isiyo kali ikihitajika. Izungushe pamba juu ya rangi badala ya kuisugua, itupe mara inapochafuka, na ufanye eneo la ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja. Wahifadhi wa makumbusho hutumia hata mate ya mtu kwa uchafu wa mafuta ya mikono, kwa kuwa mate yana vimeng'enya vinavyoumeng'enya uchafu huo bila kuisumbua rangi. Chembe za rangi yenyewe zikianza kuonekana kwenye pamba, acha mara moja.

Kuna uchafu wa kuondoa na kuna uchafu wa kuacha. Masizi na mafuta ya jikoni yaliyotanda juu ya uso mzima huficha rangi, hivyo huondolewa. Weusi uliojikusanya katika mifereji ya nakshi na kwenye pembe za paneli ndio unaolipa umbo kina chake. Ukiuchokonoa kwa kijiti hadi ubaki weupe, nakshi zitaonekana bapa na samani itakuwa kama imevuliwa nguo. Nta ya zamani iondoe kwa tapentaini ya madini, ile ya kuzimulia rangi za mafuta, lakini ndani na kandokando ya mapengo tu, kwa sababu rangi mpya haishiki juu ya nta.

Kutofautisha mchakao na jeraha

Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa kazi nzima unapofanyika, nami hushauri ufanywe kwa penseli na karatasi kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Chora samani kwa mistari myepesi, kisha utie alama kila mahali rangi ilipokosekana, na ujiulize kwa kila alama: hapa rangi imeondoka kwa matumizi, au imeondolewa kwa ajali?

Mchakao wa matumizi una mantiki yake. Huwa kandokando ya kishikio cha droo mahali vidole hugusa, kwenye ncha za mikono ya kiti, kwenye ubao wa mbele ambako visigino viliegemezwa, kwenye ukingo wa juu wa egemeo, na chini ya droo iliyoburutwa. Kingo zake ni laini, rangi hupungua polepole hadi mbao kujitokeza, na mbao hizo zenyewe zimeng'arishwa na mikono. Mahali hapo paache palivyo.

Jeraha ni tofauti. Mkwaruzo wa kuhamisha nyumba, tundu la parafujo la bawaba iliyoongezwa baadaye, duara la chungu cha maua, kipande kilichobanduka kwa maji: kingo zake ni kali, haziendani na namna chombo kinavyotumiwa, na huvuta jicho kuliko umbo la samani lenyewe. Majeraha ndiyo hupakwa. Hata hivyo si yote, kwa kuwa sanduku lililosafiri lina haki ya kuwa na mikwaruzo. Kawaida yangu ni kusimama hatua nne nyuma na kuziba yale tu ninayoyaona kabla sijaiona samani.

Kuna ukanda mmoja ambao wengi huudhania kuwa ni kasoro. Paneli za milango hukaa huru ndani ya fremu zake, na mbao inaposinyaa kwa upana, mstari mwembamba wa mbao isiyopakwa hujitokeza pembeni. Usiuzibe kwa puti wala kuupaka gundi. Paneli ikinyimwa nafasi ya kusogea itapasuka katikati, na huo utakuwa ufa wa kweli.

Kujaza

Pengo la kina kifupi halihitaji kujazwa. Lenye kina hujazwa kwa mchanganyiko wa unga wa chokaa nyeupe na gundi ya ngozi, uliopashwa moto hadi uwe kama uji mzito. Kabla yake, paka ndani ya pengo utando mwembamba wa kutenganisha ili mchanganyiko usiingie katika nyuzi za mbao. Shelaki iliyoondolewa nta inatosha kwa kazi nyingi. Kwa samani yenye thamani kubwa zaidi, wahifadhi hupendelea utomvu wa akriliki uitwao Paraloid B-72, unaoyeyuka katika asetoni na kubaki ukiyeyuka hata baada ya miaka mingi, ilhali shelaki huwa ngumu kuondoa kadiri inavyozeeka. Chagua kulingana na kile kilichopo: usipeleke asetoni wala spiriti karibu na ukingo ambao jaribio la pamba lilionyesha kuwa unayeyuka.

Mchanganyiko ukikauka, usiupige msasa. Chukua kizibo cha chupa kilichotengenezwa kwa gome la mti, kiloweshe kidogo, na uusugue nacho kwa mzunguko; kitalainisha kilichozidi na kukiondoa, bila kugusa rangi iliyo kandokando. Uache uso wa kijazio uwe chini ya rangi ya zamani kwa unene wa karatasi, kwa sababu rangi utakayoweka itaongeza unene. Kama rangi ya zamani ina mistari ya brashi, ichore mistari hiyo kwenye kijazio kwa brashi kavu ngumu kabla hakijakaza. Kiraka laini kupita kiasi huonekana hata rangi yake ikiwa sahihi kabisa.

Kupatanisha rangi

Kwa viraka vidogo tumia guashi (rangi nzito ya maji isiyopitisha mwanga) au rangi za maji zenye ubora, ambazo huondoka kwa pamba yenye maji ukikosea. Juu ya rangi ya zamani inayoyeyuka kwa maji, tumia unga wa rangi uliochanganywa na ule utomvu wa akriliki, Paraloid B-72. Nakuomba usitumie rangi ya mafuta kwa viraka. Siku ya kwanza italingana vizuri, kisha mafuta yake yataanza kugeuka manjano na kukolea huku rangi ya zamani ikiwa imeshamaliza safari hiyo, na baada ya miaka michache kila kiraka kitajitangaza.

Rangi chache za udongo zinatosha kwa karibu kila kazi: manjano ya oka, siena mbichi (kahawia inayoelekea manjano), amba mbichi na amba iliyochomwa (kahawia nzito), nyekundu ya kutu ya chuma, nyeusi ya masizi, buluu moja, na nyeupe. Nyeupe ya leo kwa kawaida ni ya titani, ambayo ilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni baridi, yaani inaelekea buluu, na yenye nguvu kuliko nyeupe zilizotumiwa kabla yake. Itulize kwa oka kidogo na chembe ya amba mbichi kabla hujaifananisha na chochote cha kale.

Itazame rangi ya zamani kwa kioo cha kukuzia. Haitakuwa rangi moja. Kijani cha mlango wa kabati kitakuwa na kijani kilichofifia juu, kijani kikali ndani ya mistari ya brashi, na kahawia ya uchafu na mafuta iliyotanda juu ya vyote. Ukichanganya rangi moja ya wastani na kuijaza ndani ya pengo, utapata kiraka kilichokufa. Badala yake anza na rangi ya msingi iliyo nyepesi na baridi kidogo kuliko unachokitafuta, iache ikauke, kisha uijenge kwa tando nyembamba za rangi inayopitisha mwanga zenye joto, yaani zinazoelekea manjano na nyekundu, moja juu ya nyingine, hadi ikaribie. Kukoleza ni rahisi. Kurudisha wepesi kunadai kufuta na kuanza upya.

Rangi inapokuwa kali mno, ipunguze makali kwa rangi pinzani yake, wala si kwa nyeusi. Tone la nyekundu ya kutu hutuliza kijani, na tone la rangi ya machungwa iliyopoa hutuliza buluu, ilhali nyeusi huifanya rangi kuwa ya vumbi na baridi kwa namna ambayo umri haufanyi. Fanya majaribio juu ya kipande cha plastiki angavu na ukiweke kando ya pengo, ili ulinganishe bila kugusa samani. Guashi hubadilika ikikauka, na hubadilika tena ikipata nta juu yake, hivyo pitisha tone la tapentaini ya madini juu ya jaribio lililokauka: kwa sekunde chache litakuonyesha rangi itakavyokuwa mwishoni, kisha litapaa bila kuacha alama. Linganisha mchana kwa mwanga wa dirishani, na jioni chini ya taa ya chumba ambamo samani itakaa, kwa kuwa rangi mbili zinazofanana chini ya mwanga mmoja huweza kuachana kabisa chini ya mwingine.

Namna ya kuweka rangi ni muhimu kama rangi yenyewe. Tumia brashi nyembamba na uijenge kwa nukta na mistari mifupi, ukianzia katikati ya pengo na kuishia ukingoni bila kuvuka. Katika miaka ya 1940 wahifadhi wa taasisi ya urejeshaji ya Roma, chini ya Cesare Brandi, waliikuza njia ya kujaza mapengo kwa mistari myembamba ya wima: mtu akisimama mbali huona picha nzima, akikaribia huitambua mistari na kujua kipi ni cha kale na kipi kimeongezwa. Samani ya nyumbani haidai ukali huo, lakini naipenda heshima iliyomo ndani ya njia hiyo, na mistari mifupi huungana na rangi iliyozeeka vizuri kuliko rangi iliyopakwa kwa brashi pana.

Nyufa za rangi ya zamani zinapofika ukingoni mwa kiraka na kukatika ghafla, jicho hulitambua jambo hilo upesi. Ziendeleze kwa amba iliyozimuliwa, kwa brashi yenye nywele chache, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao na kuacha baadhi zife njiani kama zinavyokufa zile za kweli.

Pale ubao mzima unapokosa rangi

Wakati mwingine mguu umebadilishwa, au mtu aliukwangua uso wa juu wote miaka iliyopita. Hapo tu ndipo inapofaa kupaka eneo zima na kulizeesha, nalo hufanywa kwa matabaka kama yalivyo matabaka ya jirani yake. Ukikuta chini ya kijani cha zamani kuna nyekundu ya udongo, paka nyekundu hiyo kwanza, ndipo kijani, ili mchakao utakaoufanya uonyeshe kilichopaswa kuonekana.

Rangi ya maziwa ya unga hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa haing'ai na rangi yake haiwi sawa kila mahali. Ikikauka kwa siku kadhaa, ichakaze kwa sponji ngumu ya nailoni mahali mikono na miguu ingefika, wala si kwenye kila ukingo kwa kipimo kimoja. Epuka stilwaya, kwa sababu vipande vyake hubaki ndani ya rangi na kutoa kutu, na juu ya mbao zenye tanini nyingi kama mwaloni huacha madoa meusi. Kupiga mbao kwa minyororo na kutoboa matundu ya wadudu kwa msumari ni uongo usio na faida. Mwishowe pitisha utando mwembamba wa amba mbichi na uufute karibu wote, ukiacha kidogo kwenye pembe. Usitumie lami kwa utando huo ingawa rangi yake inavutia, kwa kuwa haikauki kikamilifu na huvuta rangi iliyo juu yake. Kama utando ni wa mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke au uvizamishe katika mkebe wa chuma wenye maji. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka moto.

Kumalizia

Usipake kitu cha mwisho siku unayomaliza rangi. Irudishe samani mahali pake na uipitie kwa wiki moja, asubuhi na jioni, bila brashi mkononi. Viraka viwili au vitatu vitaonyesha vinahitaji utando mmoja zaidi, na kimoja huenda ukakifuta kwa kugundua kwamba pengo lile lilikuwa bora lilivyokuwa.

Kisha linganisha mng'ao, kwa kuwa tofauti ya mng'ao huonekana upesi kuliko tofauti ya rangi. Viraka vya guashi vikazie kwa utando mwembamba wa utomvu ule ule wa akriliki, na baada ya kukauka paka juu ya samani nta ya nyuki iliyochanganywa na karnauba (nta ngumu ya mnazi wa Brazili) kidogo, kiasi cha kutosha tu kuacha unyevunyevu kwenye kitambaa, na uing'arishe baada ya saa moja. Rangi ya gundi na rangi inayobanduka zisipate nta. Vanishi ya poliyurethani isitumike kabisa, maana huiweka ngozi ya kale chini ya plastiki isiyoondoka bila kuondoka nayo. Mafuta ya kitani yanayopakwa ili kuifufua rangi huipendeza kwa mwezi mmoja, kisha hukusanya vumbi, hukolea na kuganda.

Iweke mbali na jua la moja kwa moja na vyanzo vya joto, katika chumba ambacho unyevu wa hewa haupandi na kushuka sana. Karibu asilimia 50 ni hali nzuri kwa mbao na kwa rangi pia. Halafu andika kwenye karatasi tarehe, sehemu ulizopaka, utando wa kutenganisha uliotumia, aina ya rangi na kinachoiyeyusha, ambatisha ule mchoro wa penseli, na uvibandike chini ya droo, upande ambao mhifadhi wa siku zijazo ataupindua kwanza.